Floraidi katika maji ya kisima Nakuru: mtambo wa osmosisi kinyume unavyoiondoa

Ndugu uliyeuliza kama kuchemsha maji ya kisima chako cha Njoro kunatosha kuondoa floraidi, au ni lazima ununue mtambo wa osmosisi kinyume, nakujibu kama mtu anayeendesha duka la kujaza maji mjini Nakuru kwa mtambo wa aina hiyo. Kuchemsha huua vijidudu. Floraidi, ambayo huyeyuka ndani ya maji kutoka katika miamba ya volkano ya Bonde la Ufa, haitoki pamoja na mvuke, kwa hiyo maji yanayobaki sufuriani huwa nayo kwa wingi zaidi. Shirika la Afya Duniani linapendekeza isizidi miligramu 1.5 kwa lita, kwa sababu ikizidi huwatia watoto madoa ya kahawia kwenye meno yanayoendelea kukua, na ikizidi sana kwa miaka mingi huharibu mifupa.

Maji yakitenganishwa na utando unaoyapitisha lakini unaozuia chumvi, kwa kawaida yale yasiyo na chumvi huvuka kuelekea upande wenye chumvi; hiyo ndiyo osmosisi. Pampu ikiukandamiza upande huo wa chumvi kwa nguvu inayoshinda mwelekeo huo wa asili, mkondo hugeuka, ndiyo osmosisi kinyume: maji safi huvuka, na chumvi nyingi, floraidi ikiwemo, hubaki nyuma. Maji ya bahari, yenye takriban gramu 35 za chumvi kwa lita, huhitaji shinikizo la baa 55 hadi 70 (baa moja ni karibu sawa na shinikizo la hewa inayotuzunguka). Kisima chako kitahitaji kidogo sana kuliko hapo, na gharama ya umeme itakuwa nafuu vivyo hivyo.

Lakini utando ni kitu cha kutunzwa, na hapa ndipo wauzaji wengi hunyamaza. Ule ambao watafiti Sidney Loeb na Srinivasa Sourirajan waliutengeneza Los Angeles karibu na mwaka 1960 ulikuwa wa asetati ya selulosi, inayotokana na nyuzi za mimea; tando nyingi za leo ni za poliamidi, aina ya plastiki ambayo klorini, dawa ya kuua vijidudu kwenye maji, huila. Ukichanganya maji ya kisima na ya mfereji yaliyotiwa dawa, kichujio cha kaboni kitangulie, na kabla yake kile cha kuzuia mchanga na tope. Maji yenye chokaa au silika (madini yaliyo kwenye mchanga) nyingi huacha ukoko mgumu juu ya utando, kwa hiyo mpe fundi matokeo ya maabara kabla hajakuuzia chochote.

Usitegemee kile kipimo kidogo cha mkononi. Hicho hukadiria jumla ya chumvi zilizoyeyuka kwa kuangalia jinsi maji yanavyopitisha umeme, wala hakiwezi kukuambia floraidi ni kiasi gani. Peleka maabara sampuli mbili, ya maji yanayoingia na ya yanayotoka, na urudie kila baada ya muda, maana utando huchakaa polepole pasipo ladha kubadilika.

Mwisho, tenga bomba la maji ya taka. Yamebeba floraidi iliyozuiliwa, kwa hiyo ni ya kusafishia choo na sakafu, na ng'ombe wasinyweshwe.