Maswali ya safari: jiwe la Bujumbura, kaburi la London na kadi ya njano

Likizo ya shule ikikaribia tu simu yangu inajaa meseji na nusu yake ni ile ile, "naomba utaratibu wa kwenda Burundi." Utaratibu wa nani sasa? Unaenda peke yako, unaenda na mama mkwe, au unaenda na watoto wanne ambao mmoja ni wa marehemu kaka yako na cheti chake kiko kwa bibi kijijini? Una pasi au una namba ya kitambulisho cha taifa (NIDA) tu kwenye karatasi? Nilishasema mwaka jana, anayeuliza kivivu anajibiwa kivivu. Haya, tuanze.

*Shikamoo mjomba. Dada yangu kaolewa Bujumbura, tunataka kwenda na watoto watatu kwa wiki mbili. Tunasikia ukiwa Afrika Mashariki kitambulisho kinatosha, ni kweli? (Mama watatu, Mwanga, Kigoma)*

Marahaba mwanangu. Hiyo ya kitambulisho walikubaliana Kenya, Uganda na Rwanda, sisi Tanzania hatumo, na kila mwaka kuna mtu anafika mpakani Manyovu na kitambulisho chake anarudishwa Kigoma kama barua isiyo na stempu. Burundi wako kwenye jumuiya tangu 2007 lakini ujumuiya haufuti pasi. Pasi ya Tanzania ni 150,000, zidisha kwa watu wako, na kama ni nyingi mno kuna ile hati ya dharura ya safari, nenda Uhamiaji kaulize mapema, usiende siku mbili kabla ya safari ukamwagia mtu machozi dirishani.

Kila mtoto na karatasi zake. Cheti cha kuzaliwa unabeba, na kama baba yao hayupo nyuma yenu kwenye foleni basi barua yake ya kuruhusu watoto watoke inabebwa pia, maana hamna kitu kinachomtia askari wa mpakani wasiwasi kama mama mmoja na watoto watatu na majina ya ukoo tofauti tofauti. Alafu kadi ya njano, ile ya chanjo ya homa ya manjano. Sindano ni moja ya maisha lakini kadi inaanza kuhesabika siku 10 baada ya kuchomwa, kwa iyo ukichoma Jumatatu ukasafiri Jumatano umejichosha bure. Na msininunulie kadi zile za kujaziwa mtaani bila sindano. Mbu hasomi kadi.

Yaliyonikuta mimi: binti yangu anaitwa Hawa, pasi inasema Hawa, kwenye kadi ya chanjo nesi wa zahanati fulani akaandika Eva, sijui alidhani anatusaidia. Tulikaa kwenye benchi la mbao saa tatu nzima, basi likatuacha, mke wangu haniongeleshi, mtoto anakula muwa anacheka. Soma jina herufi kwa herufi hapo hapo dirishani kabla hujaondoka.

*Ni kweli saa zao ni tofauti na zetu? (Kasulu)*

Kweli, wako nyuma yetu saa moja. Kwenda hupati shida, kurudi ndo utachelewa. Na magari yao yanapita kulia, shika watoto mkono wakati wa kuvuka maana wataangalia upande ambao gari halitoki.

*Mwalimu hapa, Ujiji. Shemeji yangu wa Bujumbura anasisitiza kuwa wale wazungu wapelelezi, Stanley na Livingstone, walikutana kwao kwenye jiwe, si Ujiji. Amesema tukienda atatupeleka tukaone ushahidi. Nimjibu nini?*

Mwalimu umenigusa penyewe. Jiwe lipo, liko Mugere, kama kilomita 10 hivi kusini mwa Bujumbura, jiwe kubwa limechongwa majina ya hao wawili na tarehe, 25 Novemba 1871, na ukisimama pale ziwa Tanganyika unaliona vizuri, pazuri kweli. Lakini soma tarehe vizuri. Walishakutana hapa kwetu Ujiji kabla ya hapo, ndo wakapanda mtumbwi pamoja wakaenda kaskazini mwa ziwa, na sababu ya kwenda ilikuwa mto Rusizi, wajue maji yanatoka ziwani kwenda huko au yanaingia, kwa sababu mzee Livingstone alikuwa na homa ya kutafuta chanzo cha Nile. Wakakuta yanaingia, hesabu yake ya Nile kwa upande huo ikaishia hapo. Pale Mugere walilala siku mbili tu. Ni sawa na mtu alale gesti Kibondo kisha Kibondo waseme kazaliwa kwao.

Nilienda pale na marehemu mama yangu, mwenyeji wa Ujiji wa kuzaliwa na kuzikwa. Kijana wa kutembeza wageni akaanza maelezo yake kwa Kifaransa kidogo na Kiswahili kidogo, kafika pale kwenye "hapa ndipo Stanley alipomsalimia", mama akamkatisha, "mwanangu, huyo mzungu alikuwa mgeni wetu, kwenu alikuja kutembea." Kijana akacheka mpaka akashika jiwe. Akatuambia wageni wengine wanamlipa zaidi akisema walikutana pale, basi. Sikumlaumu, anatafuta ugali.

Ninaowalaumu ni nyie. Mwalimu uko Ujiji, swali langu kwako ni hili, darasa lako limeingia lini pale makumbusho ya Livingstone? Miembe ipo pale, ni chipukizi cha ule mwembe wenyewe waliokutana chini yake, uliokufa zamani. Mtu anavuka mpaka na watoto watano kwenda kupiga picha kwenye jiwe la kulala, na mahali pa kukutana ni bodaboda tu kutoka kwake na hajawahi kuingia. Halafu mnakuja kubishana na shemeji. Atawashinda, kwa sababu yeye jiwe lake kalitembelea.

*Binti yangu ana miaka 14 anapenda sana ngoma. Tukifika Gitega anaweza kupiga zile ngoma za Kirundi? (Baba binti, Kibondo)*

Kuangalia ndiyo, kupiga hapana. Tangu 2017 kuna amri ya rais wao inayokataza wanawake kupiga ngoma hizo, na maonyesho yenyewe lazima yawe na kibali. Mi naona ni hasara, nimeona mabinti wa huku wakipiga ngoma wanaume wakakaa kimya, lakini nchi ya watu ina sheria zake na wewe ni mgeni, usije ukamsukuma mtoto mbele kwa ajili ya video.

Kwenda lakini nendeni. Gishora iko kama kilomita 7 kutoka Gitega, ni mahali pa mfalme Mwezi Gisabo, ngoma zinachongwa kwenye mti wanaouita umuvugangoma, yaani jina lenyewe linasema mti unaosemesha ngoma, na zinapigwa na wanaume wanaozibeba kichwani huku wanatembea, mdundo unausikia tumboni kabla ya masikioni. UNESCO waliziweka kwenye orodha yao 2014. Na mkiwa Gitega kuna makumbusho ya taifa, ya tangu 1955, ni kadogo, saa moja mmemaliza. Gitega ndo mji mkuu wa kisiasa siku hizi, msibishane na watoto.

We unatoka Kibondo, bila shaka Kiha unacho. Kiha na Kirundi ni ndugu, sema Kiha chako, watakuelewa na watakucheka kidogo. Anza na amahoro, salamu yao ya amani.

*Nibadilishe pesa wapi? (wengi mno)*

Benki au duka lenye leseni. Najua mtaani wanatoa franka nyingi zaidi, kila mtu anajua, na ni kosa kisheria, na zaidi ya hapo nakuambia nilivyoibiwa. Jamaa alinihesabia mbele ya macho yangu, kidole kinaruka noti kwa noti, mi nafuata kwa mdomo. Nusu ya zile noti zilikuwa zimekunjwa katikati, kila moja imehesabiwa mara mbili, huku na huku. Nimegundua nikiwa nalipia soda. Hesabu mwenyewe, noti zikiwa zimenyooshwa, umekaa.

Na petroli ya Burundi miaka ya karibuni ni shida, foleni za vituoni unaziona mwenyewe. Ukiambiwa gari litakuja saa fulani bakisha siku moja ya akiba.

*Tukitoka Bujumbura tunataka tupitilize Kigali kwa mjomba, tuone na majumba ya kifalme. Basi lipo?*

Ndugu, Januari 2024 Burundi ilifunga mipaka yake na Rwanda. Usipange safari ya familia kwa kutegemea mpaka wa watu waliogombana. Rudini nyumbani mpande Kasulu, Kibondo, Kakonko, Nyakanazi mpaka Rusumo, ni mzunguko lakini mnafika. Majumba unayosema yako Nyanza, kusini, kuna ya nyasi ya kienyeji na ya kisasa ya mfalme Rudahigwa, na ng'ombe wa inyambo wenye pembe ndefu kuliko mtoto wako. Kumbukumbu ya mauaji ya kimbari pale Gisozi, Kigali, wamezikwa watu zaidi ya 250,000. Watu wazima nendeni. Wadogo waacheni kwa mjomba, kuna chumba kule cha picha za watoto waliouawa na chini ya kila picha wameandika alichopenda kula, mi mwenyewe nilitoka nje. Mifuko ya plastiki iacheni Kakonko, Rwanda wanaikataza.

*Assalaam aleikum. Shangazi yetu yuko Muscat, Oman, tangu miaka ya sabini, ametualika familia nzima. Tuende lini na tuone nini? (Isevya, Tabora)*

Waaleikum salaam. Novemba mpaka Februari. Ukienda Juni utaona AC ya shangazi tu. Mkafike Nizwa, ile ngome yenye mnara wa duara mnene ilijengwa karne ya 17 baada ya Wareno kufukuzwa Muscat 1650. Msikiti mkubwa wa Sultan Qaboos, ulifunguliwa 2001. Kiswahili mtakisikia sokoni mpaka mtashangaa, mzee wa Muscat anakuuliza habari za Ng'ambo na Gongoni. Asali ya Tabora beba, ila begi la chini, la mkononi wataitoa.

Sasa hili hamjaniuliza. Kama kuna binti wa miaka 18, 20 kwenye msafara na mtu kule anasema "huyu abaki kidogo nimtafutie kazi", visa ya kutembea sio ya kazi. Wasichana wangapi wa mikoa hii wameenda kwa shangazi wakaishia jikoni kwa watu wasiowajua, pasi imefungiwa kabatini. Sisemi shangazi yenu. Nasema pasi ya binti akae nayo binti.

Na mkipiga picha kwenye ngome semeni na watoto ukweli, kwamba katika biashara ya Waarabu wa Oman pembe za ndovu na watu waliofungwa minyororo walipita Tabora hiyo hiyo kwenda pwani. Sio ngome tu.

*Kaka yangu ni nesi London, anataka mama na sisi wawili twende mwezi mmoja. Visa ikoje, na kaburi la Livingstone lina maana kwenda? (Cheyo, Tabora)*

Visa: mnaomba mtandaoni, alama za vidole mnaenda Dar, barua ya kaka, taarifa za benki za miezi kadhaa. Na mniache na ule mchezo wa kuazima milioni kumi mnaziweka kwenye akaunti wiki moja kabla. Wanaona. Akaunti iliyokuwa na 40,000 mwaka mzima ikapata neema Ijumaa, hata mimi nisingekupa visa. Andikeni ukweli, kama anayelipa ni kaka basi pesa ya kaka ndo ionekane.

Kaburi liko Westminster Abbey, sakafuni katikati ya kanisa, watu wanapita pembeni. Kuingia kutalii ni kama pauni 30 kwa mtu mzima, jamani, lakini ukienda kwenye ibada hulipi. Mama atapenda ibada.

Juu ya lile jiwe la kaburi wameandika kuwa aliletwa na mikono yenye uaminifu. Hiyo mikono ni watumishi wake Waafrika, Chuma, Susi na wenzao. Mzee alikufa 1873 kule Zambia ya leo, moyo wakauzika chini ya mti, mwili wakaukausha wakaubeba kwa miguu, zaidi ya kilomita 1,500 mpaka Bagamoyo, na wakapita Kwihara, hapo hapo nje ya mji wenu. Pale Kwihara walimkuta mzungu mwingine, Cameron, akawashauri wamzike tu papo hapo. Wakakataa. Siku ya mazishi London, Aprili 1874, aliyekuwepo katika wale wabebaji ni Jacob Wainwright, Chuma na Susi hawakuwahi.

Tembe la Kwihara, Livingstone alikaa humo 1872 baada ya Stanley kuondoka, anasubiri wapagazi. Mama amefika? Mpelekeni Jumapili hii, pikipiki tu, kabla hamjalipa hata senti ya visa. Akifika London atakuwa na la kuwaambia wale walinzi.

*Mjomba, tubebe dagaa kumpelekea dada Bujumbura?*

Hapana. Wanavua ziwa hilo hilo, ila wao wanaita ndagala. Beba kitenge.