Mleta uzi, toa huo waya kabla hujafunika kitambaa

Mkuu, simama hapo hapo. Weka gundi chini.

Umeandika kwamba unajenga ndege ya mfano ya kurushwa kwa rimoti, Tiger Moth ya robo ya ukubwa wa kweli, bawa mita 2.2, na servo zote (vimota vya kusogeza vibao vya kuongozea ndege) unazipanga mbele kwa sababu pua yake ni fupi na mkia utalemea. Sawa. Halafu ukaandika, kama vile ni jambo dogo tu, kuwa elevata, kile kibao cha mkiani cha kupandisha na kushusha pua, utaiendesha kwa "waya mmoja wa milimita 2 moja kwa moja hadi mkiani, jamaa mmoja kanihakikishia unatosha". Umeuliza pia mambo ya injini, eileroni (vibao vya bawani vya kuilaza ndege kulia na kushoto) za juu na chini, na kitambaa. Nitajibu nitakachokumbuka. Hilo la waya ndilo limenitoa kitandani saa tano usiku.

Huyo jamaa namjua. Si kwa sura, ila aina yake naijua. Na mimi nilikuwa na wangu.

Nilijenga ndege hiyo hiyo miezi kumi na minne. Mbavu za bawa nilikata kwa mkono sebuleni, mke wangu akawa anakuta vumbi la balsa mpaka kwenye sukari. Ramani niliyokuwa nayo ilionyesha wazi kabisa: kuelekea elevata kuna ufito mnene wa mbao, na waya mfupi kila ncha. Nikampigia simu mtaalamu wangu. Akacheka. "Hayo ni mambo ya wazee wa Uingereza, unaongeza uzito mkiani bure. Weka waya wa milimita 2, mimi nimerusha miaka kumi na waya huo." Nilipoonyesha wasiwasi akanipa dawa: "Kama unaogopa, nunua servo kubwa." Na bahati nzuri, eti, anayo moja ya kuuza.

Nikanunua. Servo ya kilo 13, yaani kwa mkono wa sentimita moja. Ukiifunga kwenye mkono wa sentimita moja na nusu inasukuma zaidi ya kilo nane. Nilijiona nimemaliza kazi.

Sasa sikiliza hesabu ambayo nilikuja kuifanya baada ya mazishi ya ndege hiyo. Waya wa chuma wa milimita 2, unene wa spoki ya baiskeli, ukiusukuma kutoka ncha moja nao una urefu wa sentimita 90 bila kushikwa popote katikati, unaanza kupinda kwa mzigo wa gramu 200 hivi. Gramu mia mbili! Sukari nusu ya nusu kilo haifiki. Servo ina nguvu ya kilo nane, na katikati yake na elevata kuna kitu kinachokata tamaa kwenye gramu mia mbili. Punda huvutwa kwa kamba, mkuu. Hebu jaribu kumsukuma kwa kamba hiyo hiyo uone kama atasogea.

Na mimi nilikuwa namsukuma. Hapo ndipo kosa la pili lilipokuja kukaa juu ya la kwanza. Pembe ya elevata, kile kikono ambacho waya unashika, nilikuwa nimeifunga upande wa chini, kwa sababu inapendeza, haionekani ukiitazama ndege ikiwa imesimama. Pembe ikiwa chini, ili elevata inyanyuke na pua ipande, ni lazima servo isukume waya. Pembe ikiwa juu, servo inavuta. Nilichagua uzuri. Picha nilizopiga siku ile zilikuwa nzuri kweli, sikatai.

Tulikwenda kwenye mbuga upande wa Monduli, asubuhi, upepo hakuna. Safari ya kwanza safi. Ya pili safi. Niliruka nusu ya nguvu, mizunguko ya polepole, watu wanapiga makofi. Chini, kabla ya kuruka, nilikuwa nimecheza na rimoti mara mia: elevata juu, chini, juu, chini, laini kama mlango wa friji mpya. Bila shaka itacheza! Ikiwa imesimama chini hakuna hewa inayoisukuma. Waya unabeba uzito wa elevata yenyewe, basi.

Safari ya tatu nikapata kiburi. Kuna vijana walikuwa wanarekodi. Nikaipandisha, nikaiinamisha ipate kasi ili nipige duara moja la wima. Ikapata kasi. Nikavuta kijiti. Hakuna kitu. Nikavuta mpaka mwisho. Pua ikazidi kuangalia ardhi. Kadiri ilivyozidi kasi ndivyo hewa ilivyoisukuma elevata irudi kati, na waya ndani ya bodi ukawa unajikunja kama upinde wa Mhadzabe. Servo ilifanya kazi yake yote. Ilikwenda mpaka mwisho. Elevata hata haikupata habari.

Sekunde nne, labda tano. Miezi kumi na minne kwa sekunde nne.

Mzee mmoja wa Kimaasai aliyekuwa na ng'ombe wake pale karibu alikimbia kabla yangu. Alipofika akasimama mbali kidogo, akauliza kwa heshima kabisa: "Kulikuwa na mtu?" Kichwa cha mwanasesere wangu, rubani mwenye miwani na skafu, kilikuwa kimebiringika mpaka miguuni kwake. Nikamwambia hapana, mzee, ni sanamu tu. Akanitazama kama mtu anayejiuliza kama mimi ndiye mgonjwa. Mhimili wa injini ulikuwa umepinda, ukuta wa injini umeingia mpaka chumba cha rubani, bawa la chini vipande. Nilipopiga hesabu ya vitu peke yake ilikuwa karibu milioni mbili na nusu. Mke wangu sikumwambia hiyo namba. Kama unasoma hapa, mama watoto, ni laki mbili na nusu, nimekosea sufuri.

Kwa wiki mbili niliamini ni rimoti. Kila ndege ikianguka tunalaumu mawasiliano, si ndiyo? Mtaalamu wangu naye akasema ni betri ya kipokezi. Mpaka siku nilipofungua kipande cha nyuma nikaona mikwaruzo kwenye fremu za ndani, mahali ambapo waya hautakiwi kugusa kabisa. Nikafunga servo na waya vile vile juu ya meza, nikashika elevata kwa vidole, nikamwambia mwanangu avute kijiti. Servo ikazunguka yote. Elevata mkononi mwangu imetulia. Waya katikati ukapanda juu kama paka anayejinyoosha. Mtoto wa miaka tisa akasema, "Baba, si umepinda?" Miaka tisa, bila kurusha hata siku moja.

Nikampigia yule bwana. Akaniambia: ooh, mimi hizo ndege za foma (povu jepesi) ninazorusha waya wake ni sentimita thelathini. THELATHINI. Miaka kumi ya uzoefu, wa waya wa sentimita thelathini! Na ndiyo, kwa sentimita thelathini ni kweli unatosha, kwa sababu ukigawa urefu kwa tatu, uwezo wa kuhimili kusukumwa unapanda mara tisa, unafika kama kilo moja na robo tatu. Hakusema uongo. Alijibu swali la ndege yake, akaniuzia na servo juu.

Kwa hiyo kanuni yangu ni moja na nitairudia kwenye kila uzi mpaka mnifungie akaunti: waya mrefu huvutwa, hausukumwi.

Kwako wewe maana yake ni hivi. Servo ziache mbele, hapo uko sahihi, pua ya Tiger Moth inahitaji kila gramu. Lakini elevata na usukani wa mkia viendeshe kwa nyaya mbili mbili za kuvutana: moja inavuta kupandisha, nyingine inavuta kushusha, hakuna inayosukumwa hata kidogo. Tiger Moth ya kweli, ile ya de Havilland iliyoruka mara ya kwanza 1931, nayo inaendeshwa mkia wake kwa kamba za chuma, kwa hiyo hata wale wa kuhesabu misumari kwenye mashindano hawatakusumbua. Tumia waya wa kusuka uliofunikwa plastiki, kama ule wavuvi wanaofungia ndoano za samaki wenye meno. Huko Dar hautakusumbua kuupata. Ncha zake pitisha kwenye kineli cha shaba, urudishe, upitishe tena, ndipo ubane kwa koleo. Ukipitisha mara moja tu utachomoka siku ambayo hutaki.

Umbali kati ya matundu mawili kwenye mkono wa servo uwe sawa na umbali kati ya matundu ya pembe za mkiani, na matundu ya pembe yakae sawasawa na mstari wa bawaba. Yakiwa nyuma au mbele ya mstari huo, waya mmoja utalegea kibao kikigeuka, na ulegevu mkiani ndio unaozaa mtetemo unaopasua elevata. Usizikaze kama nyuzi za gitaa, utaua beringi ya servo. Zisiwe na ulegevu, inatosha.

Kama roho yako inataka fito moja tu, basi iwe bomba la kaboni au ufito wa mbao, wenye waya mfupi sana kwenye kila ncha, na pembe ya elevata ikae JUU ili kupandisha pua iwe ni kuvuta. Itaonekana. Acha ionekane. Na zile neli za plastiki zinazoteleza ndani ya neli nyingine, kwa jua la Dar usiziguse kwenye ndege ndefu. Plastiki inarefuka kwa joto, unatoka nyumbani elevata ikiwa sawa, saa saba mchana uwanjani imeshuka yenyewe.

Halafu jaribio. Linachukua sekunde kumi, na lingeniokolea milioni mbili (laki mbili, samahani). Mtu ashike elevata kwa mkono, si kwa nguvu za kuvunja, wewe vuta kijiti mpaka mwisho, na mtu wa tatu aangalie ndani ya bodi. Kitu chochote kinachojikunja pale, hakiendi hewani. Fanya kabla ya kufunika, kwa sababu ukishafunika utajidanganya.

Nini kingine uliuliza... eileroni. Umeuliza za juu na za chini zinaunganishwaje. Haziunganishwi, kwa sababu Tiger Moth haina eileroni kwenye bawa la juu! Ziko chini tu. Unachokiona kwenye picha, ukingo wa mbele wa bawa la juu, ni slati, kibao cha kusaidia bawa libebe ndege ikienda polepole. Nani kakwambia uweke nne? Usinijibu, nimeshajua. Servo moja moja ndani ya bawa la chini karibu na eileroni, waya wa sentimita kumi, hapo milimita 2 inafaa na kubaki. Ila panga mikono ya servo ili inayopanda ipande sana na inayoshuka ishuke kidogo tu, la sivyo ukikata kona pua itakwenda upande wa pili.

Injini. Chukua ya petroli, cc 20 mpaka 26. Ndege ya namna hii ina nyaya na nguzo kila mahali, inakokota hewa kama mwavuli, kwa hiyo unataka propela kubwa inayozunguka taratibu, inchi 16 hadi 18. Injini ndogo ya mipigo miwili inayolia kama nyuki na propela ndogo haitakusaidia. Mipigo minne ni tamu, sauti yake ndiyo ya Tiger Moth hasa, lakini nyingi zinataka mafuta maalumu ya glo, uyapate wapi na kwa bei gani? Petroli iko kituoni. Na uzito wake, ambao kwenye ndege nyingine ni laana, kwako unakuokoa kubandika vipande vya madini ya risasi puani. Kwenye kabureta usiunganishe chuma kwa chuma, weka kibanio cha nailoni: mtetemo unakula matundu, na chuma kinachogongana karibu na umeme wa plagi kinaleta kelele kwenye redio. Ukija kurusha huku Arusha, mita 1,400, hewa ni nyepesi kwa kama asilimia 13, injini itapungua nguvu na ile sindano ya kabureta uliyoiweka Dar itakuwa inamwaga mafuta mengi. Ikaze kidogo.

Ah, na waya wa kabureta nao ni mrefu kiasi gani? Ukizidi sentimita ishirini uushike katikati.

Kitambaa sijui ulikuwa unauliza nini, nimeshasahau na siwezi kurudi juu kusoma kwa hasira hizi. Usikibandike bado. Piga picha ya ndani ya bodi, kutoka kwenye servo mpaka mkiani, iweke hapa leo leo.