Mashini ya 4GB inaganda mchana hata na zram: angalia nani anakaa wapi

Ndugu yangu, umesema kwenye Linux yako umeweka zram (sehemu ya RAM inayohifadhi vitu kwa kuvibana) ya 2GB ukaacha na ile swopu ya diski (nafasi ya diski ya kuweka kinachozidi RAM) chini yake, asubuhi kompyuta inaenda vizuri alafu ikifika saa nane inaganda mpaka mausi haisogei. Hiyo naijua, ilinitesa karibu mwezi mzima hapa Busia upande wetu wa Uganda, kompyuta sita za 4GB, diski za kuzunguka, maajenti wa forodha wamepanga foleni wanataka karatasi zao zichapwe lori livuke na mimi nimekodolea skrini iliyokufa. Inauma sana. Usikimbilie kununua RAM kwanza.

Ikianza kuwa nzito fungua teminali uandike swapon --show, inaonyesha kila swopu imejaa kiasi gani. Mimi nilikuta zram imejaa pomoni na swopu ya diski ndio inazidi kupanda, na hapo ndio nikaelewa. Kilichojaza zram ni vitu vya asubuhi, programu ya skana iliyotumika mara moja, tabu za mteja aliyeshaondoka, hakuna mtu anavigusa tena.

Chukulia duka la mitumba. RAM ni meza ya mbele, zram ni robota lililobanwa nyuma ya meza (liko ndani ya duka hilo hilo, linakula nafasi, ila nguo nyingi zimeshindiliwa), diski ni stoo ya mtaa wa pili. Asubuhi umeshindilia makoti ya baridi kwenye robota, mchana meza imejaa na robota limejaa, sasa shati linaloulizwa kila dakika tano ndio linapelekwa stoo. Keneli (kiini cha Linux) inafuata kipaumbele tu, zram kwanza, ikijaa basi diski, haifungui robota yenyewe itoe makoti. Zram ina njia ya kusukuma vya zamani kwenda diski lakini mpaka uipange na kuiamuru wewe. Na RAM inajibu kwa nanosekunde kama 100 wakati diski ya kuzunguka inataka milisekunde kadhaa, hiyo ni tofauti ya mara makumi ya maelfu, lazima igande.

Nilichofanya: nikazima zram kabisa, swopu ya diski nikaiacha, nikaongeza zswap.enabled=1 kwenye mstari wa GRUB (programu inayoiwasha Linux). Zswap iko kwenye keneli tangu 3.11 ya mwaka 2013, nayo inabana kurasa (vipande vya kumbukumbu) ndani ya RAM, kawaida haivuki asilimia 20, na ikijaa inatoa zile za zamani zaidi kwenda diski. Kuanzia keneli 6.8 kuna pia shrinker_enabled, inayotoa kurasa zisizoguswa kwenda diski mapema, iwashe. Usiwashe zswap na zram pamoja, kurasa zitabanwa mara mbili bure. Kama huna swopu ya diski kabisa basi baki na zram, hapo ni nzuri.

Na usidhani ni shida ya sisi wenye mashini kuukuu. Wenye seva kubwa zenye DRAM (RAM ya kawaida) pamoja na kumbukumbu ya ziada ya CXL iliyo polepole wanapambana na hilo hilo: keneli 5.15 ilileta kuteremsha kurasa baridi (zisizoguswa) ngazi ya chini badala ya kuzitupa diski, 5.18 ikaleta kupandisha za moto (zinazoguswa sana), unaweka numa_balancing=2. Kupandisha ndio kugumu, kwa sababu ukurasa wa swopu ukiguswa keneli inaitwa lazima, lakini wa CXL prosesa inausoma moja kwa moja bila kumuuliza mtu, kwa hiyo keneli inabidi ifunge njia ya ukurasa kwa makusudi ili ione nani anakuja kugonga.

Kwangu sasa ukirudi tabu ya zamani inachelewa sekunde moja mbili, ila kuganda hakuna tena. Badilisha leo, kesho saa nane niwekee hapa swapon --show na free -h tuangalie pamoja.