Dhahabu ya keki haina shida, unga wa kung'arisha ndio wa kuangalia
Dada yangu wa Masasi, umeuliza kama dhahabu ya kwenye keki ya harusi, ile karatasi nyembamba ya kupambia, inadhuru. Ile halisi, ya karati 22 hadi 24 (kipimo cha usafi wa dhahabu; 24 ndiyo safi kabisa), haidhuru: tumbo haliiyeyushi, inatoka vilevile ilivyoingia. Ladha haina. Ni nyepesi mno; mie nikipamba hapa Mikindani nafunga madirisha kwanza, maana upepo wa bahari ukipita tu inapeperuka kwenye kibano. Ninachokiogopa ni unga wa kung'arisha, ule unaopakwa juu ya keki ing'ae kama dhahabu. Mwaka 2018 huko Rhode Island, Marekani, watoto 6 walitapika na kuharisha baada ya kula keki ya bethidei. Unga wake ulikuwa wa shaba. Ukinunua dhahabu, tafuta kwenye kopo E175, namba ya dhahabu ya kutiwa kwenye chakula. Ukikuta unga umeandikwa "kwa mapambo tu", usiutie kwenye chakula, tafadhali.