Wasomaji Wanauliza: Magari ya mbio ya zamani na unyevu wa Dar

Barua nyingi za mwezi huu zimetoka kwa wapenzi wa magari ya mbio ya zamani, yale ya kiti kimoja yenye magurudumu nje ya bodi. Wengi wao wamerithi picha, slaidi (vipande vya filamu vya kutazamwa kwa mwanga) au kanda na wanataka kuzitunza na kuwaonyesha wenzao. Tumejibu zile zinazogusa matatizo ya watu wengi.

Marehemu baba aliniachia boksi la slaidi za mbio za Kyalami, Afrika Kusini, za miaka ya 60 na 70. Baadhi zimeota utando mweupe kama wa buibui. Naweza kuzifuta kwa spiriti ya hospitali? (Msomaji, Upanga)

Hapana, na tafadhali usizifute kwa chochote kabla hujaziskani. Huo utando ni kuvu, na chakula chake ni jelatini iliyobeba picha. Jelatini iliyokwisha kuliwa na kuvu huyeyuka kirahisi ikiguswa na maji, na spiriti ya hospitali kwa kawaida ina maji karibu asilimia 30. Ukifuta, rangi itaondoka na pamba.

Ziskani hivyo hivyo zilivyo. Fremu ya slaidi ni milimita 24 kwa 36. Kwa dpi 4000 (nukta 4000 kwa kila inchi) utapata pikseli kama 5,600 kwa 3,700, zinazotosha kusoma namba ya gari na jina la mdhamini ubavuni. Skana za mezani huandikwa dpi kubwa sana kwenye boksi lakini uwezo wao halisi ni mdogo kuliko hapo. Kama unayo hiyo, weka 2400 na usipoteze muda zaidi. Hifadhi kwa TIFF, faili kubwa lisilopoteza ubora, kisha toa JPEG za kutuma WhatsApp kutoka kwenye hiyo TIFF.

Skana za filamu zina usafishaji wa vumbi kwa infraredi, mwanga usioonekana kwa macho, na hapo wengi huharibu kazi. Kwa Ektachrome, filamu ya rangi ya Kodak, usafishaji huo hufanya kazi vizuri. Kwa Kodachrome, filamu yao nyingine, skana nyingi huona sehemu nyeusi za picha kama uchafu, na kingo za matairi na mabomba ya eksozi hubaki zimepakwapakwa. Kwa filamu ya nyeusi na nyeupe ya kawaida, zima kabisa. Kodachrome utaitambua kwa jina kwenye kadibodi inayoshika slaidi, au uinamishe kwenye mwanga: upande mmoja picha huonekana kama imechongwa.

Soma na kadibodi yenyewe. Mara nyingi Kodak waligonga mwezi na mwaka wa kusafisha filamu kwa dawa ili picha itokee, siyo wa kupiga picha. Muhuri wa Aprili 1969 unaruhusu mbio za Kyalami za tarehe 1 Machi mwaka huo. Hauruhusu mbio zozote za baada ya mwezi huo, hata kama mjomba ameapa.

Baada ya kuskani, kama bado unataka kusafisha, tumia isopropili ya asilimia 99, ile ambayo mafundi simu wa Kariakoo husafishia bodi. Ya 70 ina maji, iache. Jaribu kwanza kwenye slaidi usiyoijali: tone moja kwenye kitambaa kisichotoa nyuzi, futa mara moja kuelekea upande mmoja. Vaa barakoa na glavu, fanyia barazani. Rangi ikionekana kwenye kitambaa, simama hapo hapo.

Uhifadhi ndio kazi kubwa zaidi. Kuvu huota vizuri unyevu wa hewa ukivuka asilimia 60 hadi 65, na Dar tunaivuka karibu mwaka mzima, masika ndiyo usiseme. Chukua sanduku la plastiki la lita 10 lenye mpira wa kuziba, weka gramu 200 hivi za silika (chembe za kunyonya unyevu) ya rangi ya chungwa ndani ya mfuko wa kitambaa, na kipimo kidogo cha unyevu. Lenga asilimia 35 hadi 45. Silika ikigeuka kijani, ikaushe kwenye oveni kwa nyuzi 110 hadi 120 kwa saa mbili, iache ipoe kwenye chombo kilichofungwa, uirudishe. Chumba chenye kiyoyozi kinachowashwa mchana na kuzimwa usiku si salama kuliko sanduku hili. Kule kupanda na kushuka kwa joto ndiko kunakoleta umande.

Nina picha ya nyeusi na nyeupe isiyo na maelezo. Gari lina injini nyuma ya dereva na bawa lililoinuliwa juu kwa vyuma virefu. Wenzangu wanasema ni "Lotus ya 1965". Nitajuaje? (Msomaji, Sinza)

1965 itoe kabisa. Katika Formula 1, daraja la juu la mbio hizi, mabawa ya nyuma yalianza kutumika kwenye mbio za Ubelgiji, Juni 1968, kwa magari ya timu za Ferrari na Brabham. Miezi michache baadaye yakawa marefu, yamesimama kwa fito nyembamba juu ya kichwa cha dereva. Tarehe 4 Mei 1969, pale Montjuïc, Barcelona, mabawa ya Lotus za madereva Graham Hill na Jochen Rindt yalivunjika na magari yote mawili yakaanguka vibaya. Wiki mbili baadaye, Monaco, mabawa marefu yakapigwa marufuku mazoezi ya mbio yakiwa yamekwisha kuanza. Kwa hiyo picha yako ni ya kipindi kisichofika mwaka mmoja.

Kama picha ilipigwa Afrika, kipindi hicho kinabana zaidi. Mbio za dunia za Kyalami za 1968 zilikuwa tarehe 1 Januari, kabla ya mabawa. Alishinda Jim Clark, ushindi wake wa 25 na wa mwisho. Zilizofuata ni za 1 Machi 1969, alizoshinda Jackie Stewart kwa Matra. Ila usikimbilie kuandika hivyo nyuma ya picha. Afrika Kusini ilikuwa na ubingwa wake wa taifa ulioshirikisha magari hayo hayo, kwa hiyo bawa refu pekee halithibitishi mbio za dunia.

Kwa picha nyingine fuata mpangilio huu. Angalia injini iko wapi: ikiwa mbele ya dereva, kwa Formula 1 uko kwenye miaka ya 50 hadi mwanzoni kabisa mwa 60, kwa sababu Cooper ya injini ya nyuma ilimpa Jack Brabham ubingwa wa 1959 na 1960 na wengine wote wakafuata. Angalia matairi: yasiyo na mifereji yaliingia 1971. Angalia bomba kubwa la hewa juu ya injini: marefu yalizuiwa kuanzia mbio za Hispania za 1976. Sketi, yaani vibao vya ubavuni vinavyoshuka hadi kugusa lami, ni za mwisho wa miaka ya 70 na mwanzo wa 80. 1983 chini ya gari ikalazimishwa kuwa bapa.

Kisha mwangalie dereva, maana yeye ndiye huwaumbua wengi. Helmeti inayofunika uso wote ilionekana Formula 1 mara ya kwanza 1968, kichwani mwa Dan Gurney, kule Nürburgring. Ukiona gari la 1962 na helmeti hiyo, huna picha ya 1962; una picha ya mbio za magari ya kale zilizofanyika baadaye. Na gari dogo lisilo na bawa, lenye matairi membamba, huenda ni Formula Ford, daraja la mafunzo lililoanza Uingereza 1967.

Namba ya gari ni ushahidi dhaifu ikiwa peke yake. Kabla ya 1974 timu zilipewa namba tofauti karibu kila mbio. Ilinganishe na orodha ya washiriki ya siku hiyo, na uandike "inadhaniwa" pamoja na sababu, mpaka vitu viwili visivyotegemeana vikubaliane.

Negativu zangu zinanuka siki na zimeanza kujikunja. (Msomaji, Mbagala)

Plastiki ya asetati inaoza, na harufu hiyo ni asidi yake. Hakuna dawa ya kuirudisha. Zitenge leo hii, kwa sababu mvuke wake huchochea na zile nzima. Zitoe kwenye mifuko ya plastiki ya PVC, zitie kwenye bahasha za karatasi isiyo na asidi, na ziskani kabla ya kazi nyingine zote ulizonazo. Usizibane kwa nguvu kwenye kioo, zilizokauka hukatika.

Nimepata kanda za VHS za mbio za miaka ya 80. Moja inaonyesha picha isiyo na rangi inayopanda na kushuka, nyingine ina unga mweupe kwenye ukingo wa utepe. (Msomaji, Kigamboni)

Ya kwanza pengine ni nzima. Bara hatukuwa na televisheni hadi 1994, kwa hiyo kanda za mbio za enzi hizo zilitoka nje. Iliyorekodiwa Marekani ni ya NTSC, mfumo wa televisheni wa huko, na deki yako ni ya PAL, mfumo wa kwetu. Tafuta deki inayosoma mifumo yote miwili.

Ya pili usiitie kwenye deki kabisa. Unga huo ni kuvu. Utaziba vichwa vya deki na kuhamia kwenye kila kanda utakayoweka baadaye. Ikaushe kwenye sanduku la silika wiki kadhaa, kisha mpe fundi mwenye deki ya kuchezea kanda chafu tu. Kanda isiyo na kuvu ipeleke mbele hadi mwisho na uirudishe mara moja kabla ya kuinakili. Kanda ya saa tatu itachukua saa tatu, hakuna njia ya mkato. Usikate matangazo ya biashara wala sauti ya mtangazaji kabla ya mbio: mara nyingi humo ndimo ilimo tarehe.

Babu yetu mmoja alikuwa fundi wa magari ya mbio. Nataka kumrekodi kwa simu. (Msomaji, Tabata)

Mwamkie, mnywe chai kwanza, halafu zima pangaboi. Mlio wa pangaboi ukishaingia kwenye rekodi hautoki tena. Weka simu kwenye hali ya ndege, juu ya kitambaa kilichokunjwa, sentimita 30 kutoka mdomoni mwake, na rekodi kwa WAV, faili la sauti lisilobanwa. Mwonyeshe picha moja moja na useme kwa sauti namba ya picha. Badala ya "ilikuwaje enzi hizo?", muulize spana ya saizi gani ilitumika, mafuta yalichujwa na nini, matairi yalikaa mizunguko mingapi. Fundi hujibu kwa mikono. Mpe kitu cha kushika. Akikosea mwaka usimsahihishe. Andika sahihisho lako kwenye karatasi ya maelezo, maneno yake yaache.

Modeli yangu ya Tyrrell ya magurudumu sita imekaa kabatini miaka mingi bila kuunganishwa. Stika zake, zile za kuloweka majini, zimekuwa njano. (Msomaji, Ilala)

Zitie kwenye mfuko wa plastiki unaofunga, zibandike kwenye kioo cha dirisha linalopata jua, uso ukitazama nje. Zikague kila siku. Njano ikififia zitoe, kwani jua likizidi litakula na buluu ya Tyrrell. Kabla ya kuziloweka, zipulizie koti moja jembamba la vanishi, la sivyo hupasukia majini. Kitu kingine: mpira laini wa matairi hutoa mafuta yanayoyeyusha rimu za plastiki, na joto letu huharakisha. Paka rimu rangi na uiache ikauke kabisa kabla ya kuvisha tairi.

Nikitia rangi picha za zamani kwa programu ya simu kabla ya kuzisambaza, kuna ubaya? (Msomaji, Temeke)

Sambaza na ya asili pembeni yake, na uandike wazi kwamba rangi ni ya programu. Hakikisha pia una ruhusa: kumiliki karatasi ya picha hakukupi hakimiliki ya aliyeipiga. Programu haijui historia, inakisia. Ukiipa picha ya Ferrari aliyoendesha John Surtees Mexico mwaka 1964, siku aliyotwaa ubingwa wa dunia, ina kila sababu ya kuipaka nyekundu. Siku hiyo gari lilikuwa jeupe na buluu.