Basi la Darasani Mlango Uko Upande Gani?

SWALI: Shikamoo Mwalimu. Nafundisha darasa la awali Pasua, Moshi, nina watoto 46. Mgeni katuletea karatasi za kupaka rangi zenye picha ya basi la shule, anaomba tufanye wiki nzima ya basi. Wamezimaliza siku moja. Tena wengi wao huja kwa miguu, wachache kwa bodaboda. Siku nne zilizobaki nifanye nini?

JIBU: Marahaba mwanangu. Kwanza zitazame tena hizo karatasi. Kama ni lile basi la njano lenye pua, hilo ni la Marekani. Rangi yake walikubaliana huko mwaka 1939. Kwao magari hupita kulia, kwa hiyo mlango uko kulia. Sisi tunapita kushoto. Mtoto akishika picha ile kichwani, siku akipanda kifodi atatafuta mlango upande wa katikati ya lami!

Basi chora la kwenu sakafuni kwa chaki. Viti kumi na viwili, usukani ni mfuniko wa ndoo, mlango kushoto. Kila anayepanda ainue kwanza mkono wa kushoto.

Vituo wavipe majina wenyewe, na hapa usiwe na haraka. Nilipokuwa nafundisha Ngaramtoni tulicheza basi kama hili, mtoto aliyekuwa dereva akatangaza mwisho wa safari, wote wakashuka, akabaki mtoto mmoja kakumbatia kiti. Mbona hushuki? "Hatujafika, mwalimu. Kwetu ni kwa bibi wa ndizi." Kesho yake tukamchora bibi na beseni lake, tukambandika ukutani, yule mtoto akashuka wa kwanza. Wenzake wakadai vya kwao: mti wa mringaringa, mashine ya kusaga, msikiti, daraja. Ndipo nami nikajua nani anavuka barabara kubwa na nani anavuka korongo peke yake. Aprili 2024 gari la shule lilisombwa na maji hapa Arusha, watoto wakafariki. Kwa hiyo nakusihi, wakikutajia korongo, mwite mzazi mzungumze.

Hesabu itakuja yenyewe. Nauli ni visoda. Wamepanda watano, kwa bibi wa ndizi wameshuka wawili, wamebaki wangapi? Konda ahesabu kwa kugusa mabega, na usimsaidie hata akikosea mara tatu.

Wengine 34 wapange vituoni, wawepo wauza ndizi na waendesha bodaboda wako, kisha mbadilishane.

Siku ya mwisho tokeni uwanjani mjifunze kushuka tu. Akishuka asimame pembeni, basi liondoke kwanza, ndipo atazame kulia, kushoto, kulia tena, avuke. Wewe uwe bodaboda, uchomoke nyuma ya basi. Mara ya kwanza watakimbia wote mbele yako. Warudishe ndani ya basi, muanze upya.