Lenga macho, mengine yajitafutie

Picha yangu ya kwanza ya buibui kwa simu yenye lenzi ya makro, ile ndogo ya kubana juu ya kamera ili kupiga vitu vidogo kwa karibu, ilitoka safi kabisa: jani lilionekana hadi vinyweleo vyake. Buibui mwenyewe alikuwa ukungu mtupu. Nikapiga karibu mia nyingine, zote vilevile, nikailaumu lenzi. Masikini lenzi, haikuwa na kosa.

Ukikaribia kitu kidogo namna hiyo, sehemu inayotoka kali kwenye picha huwa nyembamba mno, mara nyingi haifiki hata milimita 1. Ukilenga mgongo, macho yamekwenda, na buibui asiye na macho ni doa lenye miguu.

Kosa langu lilikuwa kugusagusa kioo ili simu ilenge upya. Kila ukigusa inatikisika, kisha inaanza kuhangaika kutafuta fokasi. Siku hizi nashikilia kidole kwenye kioo mpaka fokasi ijifunge, halafu siigusi tena. Mkono wa kushoto nashika kijiti alichokaa buibui, na simu naiegemeza kwenye mkono huohuo, ili upepo ukivuma tuyumbe pamoja. Kisha nasogeza simu mbele na nyuma kidogokidogo huku nikipiga mfululizo. Katika picha 30 nikipata mbili zenye macho makali, nimeshukuru. Zilizobaki nafuta.

Simu ikiwa na kamera kadhaa, kibano cha lenzi kikae juu ya kamera kuu. Pitisha kidole mbele ya kila moja uone ipi inaziba picha. Simu nyingine hubadilisha kamera zenyewe unapokaribia kitu. Zima hilo kwenye mipangilio kama inaruhusu.

Mwanga nao una vituko vyake. Lenzi nyingi za kubana hutaka uwe sentimita 2 au 3 tu kutoka kwa buibui, kwa hiyo simu yenyewe inamtia kivuli. Mimi namulika tochi ndogo kutoka ubavuni, nimeifunika karatasi laini nyeupe. Bila karatasi, mgongo wake unang'aa kama bati.

Anza na buibui warukao. Hawategi utando wa kunasia mawindo, wanawinda kwa macho, na wana macho manane, mawili ya mbele makubwa kama taa za gari. Nenda asubuhi mapema, baridi ikiwa bado imewalegeza. (Wapo wanaomtia buibui kwenye friji ili atulie. Mimi hapana.) Usimpumulie; vinyweleo vya miguuni vinasikia hewa ikisogea, naye atakuaga. Mmoja aliwahi kunirukia hadi juu ya lenzi, uzi wake ukiwa bado umeshika jani.

Akikoma kukimbia atageuka akutazame. Kwa buibui mwenye rangi nyepesi utaona jicho kubwa likibadilika, mara jeusi, mara la kahawia: ni retina, sehemu ya ndani ya jicho inayopokea mwanga, ndiyo inasogea, anakuchunguza. Piga wakati huo.